Mheshimiwa Yuko Bombani

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, mama mmoja mjane alikuwa amekaa jikoni kwake, sinia la mchele mapajani, anatoa mawe na kuyatupa dirishani. Bomba la sinki likakohoa. Lilikuwa halijatoa maji kwa muda mrefu kiasi kwamba mama alikuwa analitundikia kitambaa cha vyombo, kama msumari wowote. Likakohoa tena, namna mtu anavyosafisha koo kabla ya kusema jambo, kisha ikatoka sauti ya binti yake, nyembamba na ya upole, ile ile aliyokuwa nayo tangu utotoni.

"Mheshimiwa Spika," bomba lilisema, "nashukuru kwa kunipa nafasi."

Mama aliondoa kitambaa ili asikie vizuri. Akamwambia binti yake asimame wima, maana akiinama sauti yake inazidi kupotea. Bomba halikujibu, likaendelea na hoja yake, na mama akaendelea na mchele.

Binti huyo wakati ule alikuwa mjumbe pekee wa upinzani katika Baraza la Jimbo, na ni vizuri kueleza alifikaje huko.

Marehemu baba yake alikuwa mpiga mnada. Alikuwa na sauti ya kuweza kuuza kitanda chenye miguu mitatu kwa mtu mwenye vitanda vyake vizima nyumbani. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alirithi sauti hiyo yote. Alipozaliwa wa pili, wa kike, ilikuwa imebaki ya kukwangua chini ya sufuria. Kaka alipewa jina la utani la Spika kabla hajaota meno ya ukubwani, kwa sababu akiitwa nyumba ya tatu aliitika na mtaa mzima ukajua ameitika. Mdogo wake aliitwa Mnong'ono. Shuleni mwalimu alimwandikia utoro mwaka mzima, wakati yeye kila asubuhi alikuwa akisema "nipo" kutoka dawati la mbele.

Kaka alipokua alijiunga na chama tawala, ambako sauti kubwa zilikuwa zikitafutwa. Alianza kwa kushangilia kwenye mikutano, akapanda akawa mshereheshaji, akapanda tena. Baraza la Jimbo lilipohitaji Spika, wakubwa wa chama waliona huyu jina analo tayari, wakampa na kiti.

Mnong'ono alijifunza ususi kwa shangazi yake, akafungua saluni karibu na stendi. Kwenye saluni sauti ndogo haina hasara. Mteja ameinamisha kichwa, sikio liko karibu, na akitaka kusikia habari lazima anyamaze. Ndiyo maana saluni yake ilikuwa sehemu pekee mjini ambapo watu walisikilizana mpaka mwisho wa sentensi, na wanawake wengine walikuja kusukwa wakati nywele zao zilikuwa bado hazijafumuka.

Siasa zilimkuta hapo hapo kazini. Siku ya Jumamosi, saluni imejaa, maji yalikatika. Yalikuwa yameanza kusumbua zamani, yanakuja leo, kesho hayaji, lakini siku hiyo yalikatika moja kwa moja. Muuguzi wa hospitali alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuwa na rangi nyeusi ambayo ilikuwa bado haijaamua itaishia wapi. Na bibi harusi mtarajiwa alikuwa na dawa ya kulainisha nywele, dawa ambayo haisubiri mtu. Mnong'ono aliwafunga taulo shingoni, akafunga mlango, wakatoka wote kwa mstari hadi Idara ya Maji. Watu wa barabarani waliwapisha, wengine wakavua kofia wakidhani ni msiba wa dhehebu wasilolijua.

Meneja wa idara aliwapokea kwa heshima. Aliwaeleza kwamba maji yapo, tena mengi, isipokuwa hayajafika. Mnong'ono akamuuliza yamefika wapi. Meneja hakusikia. Mnong'ono akaombwa arudie, akarudia, meneja bado hakusikia, akawaambia wafanyakazi wake wazime feni na waache kugonga mihuri. Ofisi nzima ikawa kimya. Mnong'ono akauliza mara ya tatu, maji yamefika wapi, na inasemekana hiyo ilikuwa mara ya kwanza ofisini humo kwa swali la mwananchi kusikika lote. Meneja hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni madumu ya maji ya kunywa nyuma ya kabati lake, pamoja na tangi la samaki wa mapambo, na wanawake wale waliosha vichwa vyao pale pale. Hakuna aliyedhurika, ila bibi harusi alipoteza nywele kidogo kisogoni, mahali ambapo shela lilifunika.

Jumatatu yake mwenyekiti wa chama cha upinzani alikuja saluni. Alikuwa mwenye duka la dawa, na chama chake kilifanyia vikao nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi, kwa kuwa wanachama wote walienea hapo. Alimwomba Mnong'ono agombee. Mnong'ono alimwambia kwamba yeye hawezi kupiga kelele. Mwenyekiti alisema chama kimeshawahi kuwa na watu wa kupiga kelele, wengi tu, na sasa hivi wote wako chama tawala wanapiga kelele huko.

Kibali cha kutumia vipaza sauti kwenye kampeni kilipigwa danadana mpaka kampeni zikaisha. Kwa hiyo Mnong'ono alizunguka nyumba kwa nyumba na kitana chake, anasuka huku anaongea, na aliposhuka ngazi za nyumba moja aliacha nyuma kichwa kilichopendeza na kura moja. Uchaguzi wa kwanza alishindwa, kwa kuwa kura zake zilichelewa njiani zikafika mshindi ameshaapishwa. Uchaguzi wa pili kura ziliwahi.

Wapinzani walioingia barazani walikuwa watatu. Wa kwanza alihamia chama tawala kabla hajazoea kiti chake. Wa pili alisema yeye kamwe hawezi kuhama, akahama baada ya mapumziko ya chai. Mnong'ono akabaki peke yake, kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango wa choo, ambako wajumbe waliokuwa wakienda na kurudi walimsalimia vizuri.

Juu, kwenye kiti kirefu, alikaa kaka yake. Chini ya meza ya Spika palikuwa na vitufe, kila kipaza sauti na kitufe chake, na maagizo aliyopewa kuhusu kitufe cha mdogo wake yalikuwa mafupi. Nyumbani hawakuwa na ugomvi. Kila Jumapili walikutana kwa mama yao kula, na sheria ya mama ilikuwa kwamba siasa zinaachwa nje pamoja na viatu. Kaka alimwambia Mnong'ono mara moja tu, wakati mama amekwenda kuchukua maji ya kunawa, kwamba asiichukulie moyoni, hiyo ni kazi. Mnong'ono alisema anaelewa, akampa chumvi.

Alhamisi ile ya mchele ndiyo ilikuwa siku ya hotuba yake ya kwanza. Alisimama, akamshukuru Spika kwa kumpa nafasi, na kabla hajamaliza kushukuru taa nyekundu ya kipaza sauti chake ikazimika. Ukumbi ulikuwa mkubwa, una zulia mpaka kwenye kuta. Wajumbe waliona midomo yake ikicheza, wengine wakacheka, wengine wakarudi kwenye simu zao. Mnong'ono aliendelea kusema alichokuwa amekiandaa mpaka mwisho, akakaa.

Maneno yake yote yalitoka kwenye mabomba.

Yalitoka kwa kinyozi, ambaye aliinamisha kichwa cha mteja ili bomba lisikike vizuri. Yalitoka kwenye masinki ya hospitali, na muuguzi yule wa povu alimtambua mara moja, akawatambulisha wagonjwa. Yalitoka kwenye gereza, nyumba za wageni na uwanja wa mpira. Kwenye maghorofa yalichelewa kidogo kufika juu, kwa hiyo wapangaji wa chini walikuwa wakijua hoja kabla ya wa juu, na hili lilileta manung'uniko. Mama mmoja aliweka ndoo chini ya bomba kwa mazoea, akakaa kulisikiliza. Bwana mmoja mwenye usingizi mwepesi alikaza koki mpaka mwisho, lakini sauti ikaendelea kuvuja taratibu, na kwa kuwa koki ilikuwa mbovu tangu zamani hakuona ajabu. Mita zilizunguka.

Mnong'ono alijua Jumamosi, kutoka kwa mteja aliyekuwa akifumuliwa, ambaye alisema alimsikia jikoni na alikubaliana naye karibu yote. Mnong'ono alimuuliza kama sauti ilikuwa inakwaruza. Mteja alisema ilikwaruza kidogo pale mwanzo, kwa sababu ya kutu, baadaye ikawa safi. Basi Mnong'ono akaanza kuandaa hotuba zake kwa kuwafikiria watu waliosimama mbele ya sinki. Aliwasalimia wagonjwa. Aliwapa pole wafungwa. Aliepuka kuongea wakati wa kulaza watoto, na alipoomba mwongozo wa Spika aliomba pole pole ili hata wa ghorofani wawahi.

Na alikuwa na la kusema. Wanawake wanaofanya kazi kwenye maofisi ya jimbo walisukwa kwake, na mtu akiwa chini ya draya ya kukaushia nywele huongea kuliko alivyokusudia, kwa sababu haisikii sauti yake mwenyewe. Kidogo kidogo Mnong'ono alilipata jibu la swali alilomuuliza meneja. Maji yalikuwa yamefika kwenye shamba la maua la Mkuu wa Jimbo. Yalikuwa yakitoka kwenye bwawa vizuri, kwa nguvu, yanateremka mpaka kwenye njia panda ya mabomba nje ya mji, na hapo yanakata kona. Maua yenyewe yalikuwa mazuri sana. Yalisafirishwa kwa ndege.

Alilisema hilo barazani Alhamisi moja, taa nyekundu imezimwa, na jioni ile jimbo zima lilikuwa linajua.

Wajumbe ndio walichelewa kujua. Wote walikuwa na visima vyao nyumbani, na maji yao yalipanda kutoka ardhini bila kupita kwenye mabomba ya jimbo, kwa hiyo majumba yao yalikuwa kimya. Walianza kushtuka walipokwenda kwenye mikutano na wananchi wakawauliza habari za maua. Mmoja alimuuliza mpishi wake watu wameyatoa wapi haya. Mpishi alimjibu kwamba Mheshimiwa yuko bombani kila Alhamisi, yeye mwenyewe huomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema siku hiyo, na bosi amekuwa akimruhusu.

Mkuu wa Jimbo aliitisha kikao. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye mikono laini, na hakupenda kugombana. Mtu mmoja alishauri Mnong'ono akamatwe, lakini mkuu wa gereza alisema kila selo ina bomba, na kwa ukaribu ule atasikika zaidi. Ndipo akaitwa Mhandisi wa maji. Mhandisi alichora mabomba ubaoni, akaeleza kwamba suala lenyewe ni jepesi. Sauti inapita kwa sababu ndani hamna kitu. Mabomba yakijaa maji, haitakuwa na pa kupita.

Spika alikuwa kwenye kikao hicho. Jioni alikwenda saluni, na kwa kuwa viti vingine vilikuwa na nguo za kufuliwa, alikaa chini ya draya. Mnong'ono alikuwa anafagia nywele.

"Wamepata njia ya kukunyamazisha," kaka alisema. Alijaribu kusema chini, lakini vitana vilitikisika kwenye kikombe.

"Ipi?"

"Watafungulia maji."

Mnong'ono aliegemeza ufagio ukutani. "Mtaa gani?"

"Jimbo zima. Mhandisi anasema yakijaa, hutasikika tena popote."

Mnong'ono aliuchukua tena ufagio.

"Kaka, waambie mimi ni mkaidi sana," alisema. "Waambie wasinionee huruma hata kidogo."

Kaka alicheka mpaka draya ikagonga ukuta, kisha akakumbuka cheo chake. Alipeleka ujumbe kama ulivyo. Mnong'ono, kwa upande wake, alifanya kila aliloweza ili anyamazishwe. Alisimama kuchangia hoja za barabara, za chanjo ya mifugo, za rangi ya milango ya ofisi, na kila hoja aliipitisha kwenye shamba la maua. Alichokuwa akikitafuta ni hasira ya Mkuu wa Jimbo, na aliitafuta kwa bidii ambayo hata chama tawala kilikiri haijawahi kuonekana kwa mjumbe yeyote.

Walianza na mtaa mmoja, kwa majaribio. Mnong'ono alikuwa katikati ya sentensi pale maji yalipofika. Sauti yake ikasikika kwa muda kama ya mtu anayesukutua, halafu ikapotea. Watu wa mtaa huo walijaza ndoo, madumu, masufuria, mabeseni, vikombe vya harusi, na mzee mmoja akajaza viatu vyake vya mvua akavisimamisha kibarazani kwake. Walioga. Baadhi yao walioga mara mbili, ya pili bila sababu. Mnong'ono alipita pale akirudi nyumbani, akasimama kwenye uzio wa watu asiowajua, akasikiliza jinsi asivyosikika. Huko saluni alimwambia shangazi yake kwamba tangu aingie kwenye siasa hakuwahi kufanikiwa kama siku ile.

Mtaa wa pili ukaomba na wao wafungiwe sauti. Wa tatu ukaandamana. Na huko shambani, maua yaliyozoea maji mengi yakaanza kuinamisha vichwa.

Mkuu wa Jimbo alimwita tena Mhandisi, akamuuliza maji haya yatahitajika yapite kwa muda gani. Mhandisi alisema yatatakiwa yapite siku zote. Mkuu wa Jimbo aliuliza kama hakuna namna ya kuyapitisha mara moja tu kwa nguvu, ili suala liishe. Mhandisi alijibu kwa masikitiko kwamba watu wakishayatumia yanaisha, na wanataka mengine.

Aliyewaokoa ni karani wa Baraza, mtu aliyekuwa akikaa pembeni bila kuulizwa. Alisema katika uzoefu wake, maneno ya Mheshimiwa huyo huingia mabombani pale tu kipaza sauti kinapozimwa, kwa kuwa ni lazima yapate pa kutokea. Je, kisizimwe?

Walijaribu Alhamisi iliyofuata. Taa nyekundu ikawaka ikabaki inawaka. Sauti ya Mnong'ono ilitoka kwenye spika za ukumbini, ikazunguka juu ya mazulia, ikaingia kwenye kuta laini, ikakaa humo. Mjini mabomba yote yalikuwa kimya. Mtaa wa majaribio ukafungiwa maji jioni ile ile, na mzee yule akamwaga viatu vyake kwenye ndoo.

Kuanzia hapo Mnong'ono alipewa nafasi kuliko mjumbe mwingine yeyote. Akiomba dakika anapewa saa. Wageni kutoka majimbo mengine waliletwa kumtazama, wakaketi kwenye roshani ya wageni na kuandika kwamba hapa upinzani unaongea kwa uhuru kamili. Wajumbe, alipokuwa akisimama, walikwenda kunywa chai. Waliobaki walilala, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya upole na mazulia yalikuwa mapya. Alijaribu kukifunika kipaza sauti kwa kiganja. Askari wa Baraza akamkumbusha kwa adabu kwamba kanuni zinamtaka mjumbe asikike. Alijaribu kuchomoa waya, akatolewa nje, na nje nako akiongea sauti haikwenda kokote. Alirudi saluni siku hiyo akiwa amechoka kuliko siku zote alizozimwa. Wateja walimuuliza kama ameacha siasa.

Ila palikuwa na mtu mmoja ukumbini ambaye hakulala. Kama wajumbe wake, Spika naye hakuwa amewahi kumsikia mdogo wake akihutubia. Kila mara mabomba yalipokuwa yakiongea, yeye alikuwa kwenye kiti chake kirefu, akitazama midomo, kidole kikiwa kwenye kitufe. Sasa alimsikia. Alisikia kwamba anapanga maneno kama baba yao, anapandisha taratibu, anarudia mara ya mwisho, anasubiri mtu ajibu. Baba yao alikuwa akisubiri hivyo hivyo, na siku zote palikuwa na mtu wa kujibu. Spika alitazama viti vitupu. Alimwongezea dakika, akamwongezea tena, na Alhamisi ilipoisha alijikuta anaingojea nyingine.

Jumapili moja mama hakula. Alikuwa ametenga chakula, akakaa mkono shavuni, anawatazama wanawe. Alikuwa amelitingisha bomba wiki nzima, alikuwa amelipulizia, alikuwa amemwita jirani mwenye spana. Alidhani binti yake ni mgonjwa wa koo na wanamficha. Sasa alimgeukia mkubwa.

"Umemfanya nini mdogo wako?"

"Sijamfanya kitu, Mama. Nimempa kipaza sauti."

"Basi mnyang'anye."

Mnong'ono alikuwa anatazama sahani yake. Spika alisema kwamba hilo si jambo jepesi, kwamba ameagizwa, kwamba cheo chake na nyumba yenyewe anayokaa viko juu ya kitufe hicho. Kuna lingine hakulisema, kwamba akikizima hatamsikia tena. Mama alimsogezea mboga. Alimwambia ale, asije akaenda kazini na njaa.

Alhamisi Mnong'ono alisimama. Alimshukuru Spika kwa kumpa nafasi, akaanza kuhusu maji. Spika alimwacha aseme sentensi ya kwanza. Akamwacha aseme ya pili, iliyokuwa nzuri. Halafu akazima.

Taa nyekundu ilipozimika, Mnong'ono aliinua macho akamtazama kaka yake. Kisha akapiga meza kwa ngumi, akalalamika vikali dhidi ya ukandamizaji huo wa demokrasia, akitaja kanuni na vifungu vyake, na wafungwa, wagonjwa na wapangaji wa ghorofani wakasikia ngumi na malalamiko yote. Wajumbe waliokuwa wakirudi kutoka kwenye chai waligonga meza kwa furaha kuona Spika wao amerudiwa na nguvu zake.

Mkuu wa Jimbo alimwita Spika akamuuliza kulikoni. Spika alisema kitufe kimelegea. Fundi akakikagua, akakikuta kizima. Wiki iliyofuata kikalegea tena. Kiliendelea kulegea kila Alhamisi mpaka muhula wa Baraza ukaisha, na uchaguzi ulipokuja chama hakikumrudisha. Nyumba ya Spika, pamoja na kisima chake, ilikuwa mali ya Baraza, kwa hiyo alihama na masanduku yake, akapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, yenye bomba moja uani.

Mnong'ono alirudishwa na wapiga kura wake, na Spika mpya alipewa maagizo yaliyo wazi: asimzimie mjumbe wa upinzani kipaza sauti kwa hali yoyote ile. Alikuwa mtu mwenye nia njema na alijitahidi. Lakini kila alipomsikia akitaja maua, damu ilimchemka, na kidole kikamtangulia.

Alhamisi ya kwanza katika makazi mapya, Spika wa zamani aliwakuta wapangaji wamekaa uani kuzunguka bomba, wengine kwenye ndoo walizozipindua, wengine na kazi zao za mikono. Walimpisha mahali. Bomba likakohoa. Palikuwa na wawili waliokuwa wakibishana habari ya kamba ya kuanikia nguo, akawaomba watulie, na kwa kuwa sauti ya baba yake ilikuwa bado iko kamili, mtaa mzima ulitulia. Alisikiliza kuanzia shukrani mpaka mwisho. Mdogo wake alikuwa akiuliza maji yamefika wapi. Waliokuwa uani walijibu pamoja, bila kupaza sauti, kama watu wanaoitikia salamu, kwamba yako kwenye maua.

Hotuba ilipoisha, mpangaji aliyekuwa karibu alifunga koki, akaikaza vizuri isije ikavuja. Kisha wakachukua madumu yao, na Spika wa zamani akaazimwa moja, wakatoka kwenda kupanga foleni ya maji kabla haijawa ndefu.